Hodi, Naomba, Pole na Kazi: Kijapani cha Mtu Anayeanza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mliotoka mbali, poleni na safari.

Nimeombwa niwape maneno ya kwanza ya Kijapani, ninyi mnaofunga mizigo kwenda kusoma na kujifunza kazi huko. Mimi nilikaa Japani miaka minne nikijifunza ufundi wa magari. Nilikwenda na kijitabu cha maneno mia tano mfukoni. Baadaye niligundua kuwa yale yaliyonifungulia milango hayakufika hata hamsini, na mengi kati yake mama yangu alikuwa ameshanifundisha kwa Kiswahili kabla sijaanza shule. Hilo ndilo ninalotaka kuwaonyesha leo.

Kwanza niwaambie kwamba Kijapani mmekisikia tangu utotoni. Ni nani hapa hajapanda gari lililotoka Japani, dereva akigeuza ufunguo tu, sauti ya mwanamke inasema: "Iitiishii kaado ga soonyuu sarete imasen"? Nina jirani aliyeamini miaka yote kwamba yule mama anamtakia safari njema. Maskini, yule mama anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Na lori likirudi nyuma pale sokoni, linatangaza: "Bakku shimasu." Bakku wamelichukua kwa Waingereza. Shimasu maana yake ni "nafanya". Shikeni hilo neno shimasu, tutakutana nalo mlangoni, kazini na dukani. Na lile la kwanza lililoishia na masen, nalo liwekeni akiba.

Hata baadhi ya majina ya magari ni Kijapani tupu. Subaru ni kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu wanakiita Kilimia, kile kile cha "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua". Tazameni nembo ya gari hilo, nyota zimo. Mkulima wa pwani na mtu wa Japani walitazama juu, wote wawili wakaona zile nyota zinastahili jina lake peke yake. Mimi nilipolijua hilo sikulisahau tena.

Sasa matamshi. Hapa tuna bahati ambayo Mwingereza hana. Irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o, zile zile zetu, na kila moja ina sauti moja haigeuki. Tena ile "n" inayosimama peke yake, inayowatesa wageni wengine, sisi tunayo. Tunaposema "n-chi", "n-ne", "m-tu", ile n au m ni pigo zima. Basi konnichiwa ina mapigo matano: ko-n-ni-chi-wa. Semeni kwa utulivu, kila pigo na haki yake.

Penye mtego kwetu ni mahali pawili. La kwanza, sisi tumezoea kukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ki-TA-bu, ma-tem-BE-zi, hivyo na Kijapani tunakivuta huko huko. Wao hawakazi hivyo. Hiroshima ni hi-ro-shi-ma, mapigo manne yaliyo sawa kama hatua za askari. La pili ni urefu wa irabu. Nitatamka irabu ndefu kwa kuivuta, na mkiandika kwenye madaftari yenu iandikeni mara mbili, kama tunavyoandika Kiswahili. Kwetu kufa si kufaa. Na huko obasan ni shangazi au mama wa makamo, lakini obaasan ni bibi kizee. Ukimwita mwanamke wa miaka arobaini obaasan, hata kama hukukusudia, umeshamzeesha. Byooin ni hospitali, lakini biyooin ni saluni. Unaumwa tumbo, unauliza njia, unafikishwa kwa msusi.

Na ile "u" ya mwisho katika desu na shimasu haisikiki sana. Wao husema "des", "shimas". R yao ulimi unagusa mara moja tu juu, na L hawana. Kwa hiyo Halima ataitwa Harima, na Mbwana atakuwa Mubuwana, maana konsonanti zao hazipendi kukaa mbili mbili bila irabu. Juma, Amina, Neema, majina yenu yatapita bila mkwaruzo.

Kabla sijaingia kwenye salamu, niwaonye kuhusu maneno yanayofanana na yetu. Nani kwao ni "nini". Mtu akishika kitu akakuuliza "Kore wa nan desu ka", hakuulizi mtu, anauliza hiki ni nini. "Nani" yetu wao husema dare. Sumu ni kuishi mahali, kwa hiyo usishtuke ukisikia fulani ana sumu yake Osaka. Jiko ni ajali. Keshoo, kwa o ndefu, ni vipodozi. Na panya, wakiitamka pa-n-ya, ni duka la mkate. Hiyo pan imetoka kwa Wareno, waliofika Japani mwaka 1543, chini ya miaka hamsini baada ya Vasco da Gama kupita Mombasa na Malindi. Sisi walituachia meza, leso na bendera, wao wakaachiwa mkate. Kuna na jina la dubu, ambalo siwezi kulitaja mbele ya wazee hawa. Mtaliona kwenye mabango ya milimani, limeandikwa kwa herufi kubwa. Litazameni, mlipite kimya, maana wao hawana kosa lolote.

Twende kwenye salamu. Asubuhi: ohayoo gozaimasu. Ndani yake mna neno hayai, mapema, kama vile kusema "umewahi kuamka". Mchana: konnichiwa. Konnichi ni "leo", na sentensi yenyewe imekatwa njiani, kama sisi tunavyosema "za leo?" tukaacha "habari" ijisemee. Jioni: konbanwa, za usiku huu. Kulala: oyasuminasai.

Sasa sikilizeni kwa makini. Ohayoo peke yake ni ya rafiki na mdogo wako. Kwa mwalimu, kwa mkuu wa kazi, kwa mzee, gozaimasu haikosi. Mnayo shikamoo, kwa hiyo hili halihitaji maelezo. Mtoto wa kwetu anayejua kwamba babu hasalimiwi "mambo vipi" ameshaielewa sehemu ya Kijapani ambayo mgeni wa kutoka nchi nyingine huihangaikia mwaka mzima.

Tofauti ni hii. Sisi tukisalimiana tunakwenda mbali: habari za nyumbani, watoto, kazi, mashamba, na yule mgonjwa? Huko hakuna msururu huo. Kuna kuuliza "O-genki desu ka", u mzima, lakini haisemwi kila siku kwa mtu mliyeonana jana. Badala yake wanazungumzia hali ya hewa. "Samui desu ne", baridi, eeh? "Atsui desu ne", joto, eeh? Wewe unajibu vivyo hivyo, "Soo desu ne", kweli kabisa. Nilipofika nilidhani watu hawa hawajali. Ilinichukua majira ya baridi mazima kuelewa kwamba ile ne ya mwisho ndiyo "eeh?" yetu, mtu anakuomba mkubaliane japo juu ya baridi. Usiiache ikaning'inia, ijibu.

Kuhusu kumwita mtu. Vitabu vitawafundisha kwamba "wewe" ni anata. Vijana, kwetu ukimwambia mzee "wewe", hata kwa sauti laini, kuna nini? Watu watageuka. Na huko ni hivyo hivyo. Mtu huitwa kwa jina la ukoo na san mwishoni: Tanaka-san, Suzuki-san. Mwalimu na daktari ni sensei. Nilipofika kwenye karakana ya kwanza, nilimuuliza fundi mkuu jambo nikatumia anata, kama kijitabu kilivyosema. Hakunikaripia. Alijibu swali, akaendelea na kazi, lakini kijana aliyesimama kando yangu aliinamisha macho sakafuni. Macho yale ndiyo yaliyonifundisha. Kuanzia siku hiyo nilitumia jina lake na san. Na san ni ya kumpa mwenzako, hujipi mwenyewe, kama usivyojiita mheshimiwa.

Sasa hodi. Nyumba ya Kijapani ina mahali mlangoni panaitwa genkan. Sakafu yake iko chini, kisha kuna ngazi moja ya kupanda, ndipo nyumba inapoanza. Unasimama chini unaita "Gomen kudasai!" Hiyo ndiyo hodi. Mwenyeji atasema "Doozo, agatte kudasai", karibu, panda juu. Unavua viatu pale pale, unapanda, unageuka na kuvipanga ncha zake zikitazama mlango, na wakati wa kuingia unasema "Ojama shimasu". Mnaiona shimasu ya lori? Ojama ni usumbufu. Unasema, nawaletea usumbufu. Mara ya kwanza nilipoalikwa nyumbani kwa mtu, nilivua viatu bila kuambiwa, kwa sababu kwetu Tanga hakuna anayeingia na viatu kwenye mkeka wa watu. Mama mwenye nyumba aliviangalia viatu vyangu, akaniangalia mimi, akasema kitu kwa mumewe. Baadaye nilielezwa alichosema: huyu amelelewa.

Ofisini mlango ni ule ule, neno tu linabadilika. Unabisha, unasema "Shitsurei shimasu", nafanya utovu wa adabu, ndipo unaingia. Na ukitoka unasema hivyo tena. Na mwenye nyumba akirudi kwake jioni husema "Tadaima", nimefika, na waliomo huitika "Okaeri". Mkipanga chumba na wenzenu, fanyeni hivyo. Nyumba ngeni inapata joto.

Dukani ndipo Kiswahili kinatubeba zaidi. Sisi hatusemi "nataka sukari" tukiwa na adabu zetu. Tunasema "naomba sukari", ijapokuwa hela tunayo mkononi. Basi naomba ndiyo kudasai. Mizu o kudasai, naomba maji. Kore o kudasai, naomba hiki. Ikiwa ni ombi la jambo, si la kitu, ni onegai shimasu, nafanya ombi. Bei gani ni "Ikura desu ka". Choo kiko wapi ni "Toire wa doko desu ka", na hapo kwenye toire mnaweza kuweka eki, kituo cha treni, au byooin, hospitali. Mkiona ile ka ya mwisho, ndiyo "je" yetu, ila sisi tunaiweka mbele nao wanaiweka nyuma. Na ukiingia duka lolote watapaza sauti "Irasshaimase!" Ni karibu. Hiyo haiitikiwi. Najua inauma kuacha salamu bila jibu, lakini inamisha kichwa kidogo, inatosha.

Kuna neno moja ambalo ningepewa kuchukua moja tu kwenye ndege, ningelichukua hilo: sumimasen. Linafanya kazi ya samahani, linafanya kazi ya kumwita mhudumu, na linafanya kazi ya asante pale mtu anapokuokotea mwavuli wako. Kiini chake ni "haijaisha", yaani nimebaki na deni kwako. Asante yenyewe ni arigatoo gozaimasu, nayo itumieni bila ubahili. Lakini mtu akijisumbua kwa ajili yako, sumimasen inaingia ndani zaidi.

Nimefika kwenye neno ninalolipenda. Ilikuwa mwezi wangu wa pili, Novemba, giza limeshaingia saa kumi na moja na nusu jioni. Nilikuwa nimeosha mikono kwa sabuni ile yenye mchanga ya kutolea grisi, na vidole vimekufa ganzi. Mzee mmoja wa benchi la pili, ambaye hatukuwahi kuongea, alipita nyuma yangu akivaa koti, akasema "Otsukaresama". Nikamuuliza mwenzangu maana yake. Akatafuta neno la Kiingereza akakosa, akatafuta tena. Mwishowe akasema: umechoka, na mimi nimeona umechoka. Nikasimama pale bombani na maji yanatiririka. Pole na kazi! Watu wanasema neno hili halina tafsiri. Kwa Kiingereza labda, lakini kwa Kiswahili tunalitamka kila jioni tukimpita fundi baiskeli, mama anayeuza maandazi, mtu yeyote aliyeinamia kazi yake. Toka siku ile sikuondoka kwenye karakana bila kumwambia kila mtu "Otsukaresama desu".

Chungeni mwelekeo wake tu. Kuna ndugu yake, gokuroosama, anayeshuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Ukimwambia mkuu wako wa kazi gokuroosama ni sawa na kumwitikia "marahaba" kabla hajakuamkia, naye ndiye mkubwa. Otsukaresama ni salama kwa wote. Na kama unatoka wenzako wakiwa bado kazini, tanguliza "Osaki ni shitsurei shimasu", nafanya utovu wa adabu wa kutangulia. Sayoonara mnayoijua iacheni kwa kuagana kwa muda mrefu. Kila siku ni "mata ashita", hadi kesho.

Mezani, kabla ya kushika vijiti, mikono inakutana, "Itadakimasu", napokea kwa unyenyekevu. Mkimaliza, "Gochisoosama deshita". Ndani ya neno hili mna maana ya kukimbia huku na huku, yaani unamshukuru aliyehangaika kutafuta chakula hiki. Mwenye bismillahi yake aiseme, mwenye sala yake aisali, kisha aseme na hili. Halitengui lile.

Hesabu nitapita haraka: ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu, juu. Kumi ni juu. Kumi na moja ni juu ichi, ishirini ni ni juu. Nne ina jina jingine, shi, linalosikika sawa na kifo, ndiyo maana hospitali nyingi hukwepa chumba namba nne. Fedha wanahesabu kwa elfu kumi kumi, man moja, man mbili, na noti yao kubwa ndiyo hiyo ya yen 10,000. Vitu wanavihesabu kwa umbo: karatasi mbili ni ni-mai, kalamu mbili ni ni-hon, watu wawili ni futari. Wageni hulia na hili. Sisi tunaosema watu wawili, vitabu viwili, miti miwili, tusilie.

Lakini saa! Hapa naomba mniwekee masikio. Shichi ni jina jingine la nana, na shichi-ji ni saa ya saba kwa hesabu yao, yaani saa moja yetu. Kijana tuliyekuwa naye aliambiwa ripoti asubuhi shichi-ji. Alisikia saba, akafika saa saba mchana, amevaa vizuri, na lango limefungwa. Nchi ile kuchelewa dakika tano huombewa radhi. Yeye alichelewa saa sita. Zamani hata wao walipima saa kuanzia alfajiri hadi magharibi, mchana ukigawanywa peke yake na usiku peke yake, hadi walipobadili rasmi tarehe 1 Januari 1873. Tungefika kabla ya hapo tungeelewana. Sasa wekeni simu zenu saa za huko tangu uwanja wa ndege, na kila mkitajiwa saa, itajeni tena kwa kidole: "Shichi-ji desu ne?"

Ya dharura. Abunai ni hatari, ukiisikia ruka kwanza uulize baadaye. Tasukete ni nisaidieni. Koko ga itai desu, hapa panauma, huku unaonyesha. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi ni 110. Jishin ni tetemeko, nayo mtaipata, hakuna anayeishi huko asiipate. Mkipotea katika mazungumzo semeni "Wakarimasen", sielewi, kisha "Moo ichido onegai shimasu", rudia tena tafadhali. Msiitikie hai, hai kwa kuona haya. Hai yao ni ndiyo, lakini mara nyingi ni "nakusikia" tu. Mkiitikia hai mbele ya mashine msiyoielewa mtakatwa vidole.

Na sasa ile masen niliyowaambia muiweke akiba. Sisi tunakanusha mwanzoni: sili, hali, hatuli. Mtu akifungua mdomo tu, tumeshajua anakataa. Mjapani anakanusha mwisho kabisa. Tabemasu, nakula. Tabemasen, sili. Wakarimasu, naelewa. Wakarimasen, sielewi. Kwa hiyo usimkate mtu kauli katikati, maana hujui bado kama amekubali. Na mara nyingine hatafika hata huko mwisho. Atasema "Chotto...", kidogo, halafu anavuta pumzi na kunyamaza. Hiyo ni hapana. Mpwani anayeambiwa "tutaona, inshallah" na mwuzaji asiyetaka kushusha bei ataielewa chotto siku ya kwanza.

Kuhusu maandishi, wana hiragana 46 na katakana 46, na zile za Kichina za matumizi ya kawaida ni 2,136. Msiogope hiyo namba ya mwisho. Anzeni na katakana wiki hii hii, kwa sababu majina yenu na jina la nchi yenu huandikwa hivyo, na mtu anatakiwa alitambue jina lake.

Haya, mniruhusu wazee, vijana wasimame. Daftari chini. Mikono kando ya mapaja, mgongo ulionyooka, tunainama kutoka kiunoni, si shingo. Kwanza unasema "Hajimemashite", tunakutana kwa mara ya kwanza. Kisha jina lako na desu. Kisha "Tanzania kara kimashita", nimetoka Tanzania. Mwisho "Yoroshiku onegai shimasu", najikabidhi kwenu mnitendee mema, na hapo ndipo unapoinama. Usiinamie maneno, maliza kusema kwanza.

Tuanze na mstari wa mbele. Binti wa kitambaa cha kijani, karibu. Hajimemashite...